Kitenge cha Kumshikia Mama Mkwe

Kwa miaka thelathini na moja Thobias hakuwahi kumgusa mama mkwe wake, hata kwa ncha ya kidole, kama mila ya kwao ilivyotaka, na jambo hilo alilionea fahari kuliko wengine wanavyozionea fahari nyumba zao za bati. Walipokutana njiani kule Ilagala, kijijini kwa mama, alitoka njiani akasimama majanini, kichwa chini, mpaka mama apite. Akiwa na kitu cha kumpa, alikiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma hatua tatu, ndipo mama akakichukua. Hawakula pamoja, hawakutajana majina, na wakiwa na neno la kuambiana walimpa Klementina alipeleke. Klementina alikuwa binti wa mmoja na mke wa mwingine. “Mwambie mkwe wangu mvua inakuja,” mama angesema, na Thobias ameketi hapo hapo, masikio yake mazima kabisa. “Mama anasema mvua inakuja,” Klementina angerudia huku akicheka. Aliwaambia siku moja atagoma, ili aone watakavyohangaika.

Aligoma kweli, ila si kwa kupenda. Homa ilimkamata Jumatatu, na Ijumaa wakamzika. Sasa ni mwaka wa pili.

Thobias alibaki Gungu, pale mjini Kigoma, na nyumba ya vyumba vitatu. Alikuwa ameshastaafu kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kubadili njia za mabehewa pale stesheni ya Kigoma na kupuliza filimbi ili watu watoke relini, kazi ya kelele kutwa nzima. Sasa kelele pekee iliyomfikia ilikuwa ya redio, naye akazoea kuijibu. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, Thobias alisema nzuri. Mtoto walizaa mmoja tu, na hakufikisha siku arobaini. Kwa mwaka mzima baada ya msiba aliendelea kupika ugali wa watu wawili, si kwa kusahau, bali mkono haukujua kipimo kingine. Jirani yake Rozalia alimshauri aoe. Alimjibu kwamba atafikiria, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Halafu mama mkwe akaanguka.

Mama Mariana, aliyekuwa ameshapita miaka themanini, alikuwa akianua dagaa kabla mvua haijamkuta. Akakanyaga wavu uliolowa, na nyonga ikavunjika. Majirani wa Ilagala walimleta mjini, na hospitalini wakamtia chuma. Mwanawe wa kiume alivuka ziwa kwenda Kongo zamani sana, na hata salamu zake ziliacha kuja. Kwa hiyo sista wa zamu alipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, wodi nzima ya akina mama ilimgeukia mzee mmoja mwenye koti kuukuu la reli, aliyesimama mlangoni, miguu nje, kichwa ndani.

Sista huyo aliitwa Scola. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ambayo Thobias aliiheshimu mara moja, kwa kuwa ingefaa reli. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga kitambaa chekundu kwenye chuma cha kitanda, upande wa miguuni. Vitanda vingine vitatu vilikuwa navyo. Maana yake ilikuwa kwamba mgonjwa huyu anaweza kuanguka, na yeyote anayepita, awe daktari au mfagiaji, amtupie jicho.

“Watu wanaogopa upasuaji,” Scola alimwambia. “Mimi naogopa safari ya kwenda chooni.”

Akamfundisha. Mgonjwa asiinuke kabla ya kuita mtu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu iguse sakafu, angoje kichwa kitulie, ndipo asimame. Kandambili hazitakiwi, zinateleza. Maji yakimwagika yafutwe muda huo huo, si baadaye. Thobias aliyapokea yote kama alivyozipokea kanuni za reli ujanani, akawa anayarudia kimoyomoyo akiwa kwenye bodaboda.

“Na akisimama, unamshika hapa,” Scola alisema, akaweka mkono kiunoni mwa mama.

Thobias alitazama dirishani. Scola hakuona, au aliona akadhani mzee ana haya tu.

Siku ya kumi na moja, saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, Thobias alikuja na chupa ya uji. Akamimina, akaweka kikombe kwenye stuli, akarudi nyuma. Wakati huo wauguzi walikuwa wamekimbilia kitanda cha mwisho, ambako mgonjwa alizidiwa ghafla. Mama alianza kujisogeza. Akashusha mguu mmoja, kisha wa pili. Hakusema kitu, maana angemwambia nani? Klementina hakuwepo. Thobias alielewa papo hapo kwamba anataka kwenda chooni, na mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu ujana. Akainuka, akageuza uso, akatoka wodini haraka ili mama asione haya mbele ya mkwe.

Alikuwa amefika kwenye korido aliposikia kishindo.

Aliporudi, mama alikuwa amelala ubavu kati ya vitanda viwili, damu ikimtoka kwenye paji la uso. Thobias alisimama juu yake, mikono imemning'inia, akipiga kelele, “Sista! Sista!” kwa sauti ya stesheni. Ndugu wa wagonjwa wengine ndio walioinama. Mwanamke mmoja alimtazama kama anayemtazama mlevi, na Thobias hakumlaumu, maana hata yeye mwenyewe alijiona hivyo.

“Baba, ulikuwa wapi?” Scola alimuuliza baadaye, jeraha lilipokwisha kushonwa.

“Nilikuwepo.”

“Ulikuwepo, akaanguka?”

“Nilimpisha.”

“Ulimpisha vipi?”

“Ni mama mkwe wangu, Sista. Nilimpisha apite.”

Scola alizaliwa Kasulu, kwenye mila hiyo hiyo, na alikuwa na baba mkwe wake. Hakuhitaji kuelezwa. Alisema tu, “Basi ulimpisha akaenda sakafuni,” bila ukali wowote. Ukali ungemsaidia Thobias. Upole ule ndio uliomkata maini.

“Chuma hakijasogea,” Scola aliendelea. “Mungu kamsimamia. Lakini sitakuficha, Baba. Kwa umri huu, akianguka tena hatainuka. Wiki ijayo anaruhusiwa. Anakwenda kwa nani?”

“Kwangu,” Thobias alisema, na mdomo ulitangulia kichwa.

“Utamshika?”

Thobias aliitia mikono mifukoni mwa koti.

“Kilichokatazwa ni nini hasa?”

“Mwili wake.”

“Na kitambaa?”

Hilo alikuwa hajaulizwa maishani mwake. Alilifikiria njia nzima, mpaka bodaboda ikapita kwake na kuanza kuteremka upande wa pili, na dereva ndiye aliyemshtua kumuuliza wanakwenda mpaka wapi.

Nyumbani alivuta sanduku la Klementina kutoka uvunguni. Halikufunguliwa tangu msiba. Juu kabisa kilikuwepo kitenge cha Kongo, cha bluu chenye samaki wa njano, alichokuwa akivaa sikukuu, na bado kilinukia ile sabuni ya mawese aliyokuwa akiisifia kwa kila mgeni. Thobias alikaa sakafuni kando ya sanduku akalia. Kilikuwa kilio cha mtu asiye na wa kumnyamazisha, kwa hiyo kilichukua muda wake na kikaisha chenyewe. Halafu alikikunja kitenge, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akarudi hospitalini.

Scola alikikunja mara tatu kwa urefu, akamfunga mama kiunoni juu ya nguo zake, fundo ubavuni, na mkia mrefu ukabaki unaning'inia. “Unashika kitambaa,” alimwambia Thobias. “Yeye humshiki.”

Mama alipapasa pindo kwa vidole. Alilijua.

“Hiki ni cha mtoto wangu,” aliuambia ukuta.

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa aliyekuwa akijibu siku zote ndiye aliyekuwa akizungumziwa. Mama alishusha miguu, akangoja, akasimama. Thobias alishika kitenge kwa nyuma kwa mikono miwili, akausikia uzito wa mama ukiegemea kitambaa, na kitambaa kikaubeba. Walikwenda hatua nane mpaka mlangoni, wakarudi hatua nane.

Kabla ya mama kuletwa, Thobias aliishughulikia nyumba kama njia ya treni inayosubiri ukaguzi. Aliondoa mkeka wa sebuleni, ule unaokunja pembe na kumnasa mtu kidole. Alivunja kizingiti alichokijenga mwenyewe, ambacho kilimkwaza Klementina mara mia naye akawa anasema atakitengeneza. Kati ya mlango wa uani na choo, mahali penye utelezi kila masika, alimwaga kokoto na kuzishindilia. Chooni alipigilia ubao wa kushikia. Rozalia alikubali kuja asubuhi na jioni kumwogesha mama. Mwisho Thobias alitoa filimbi yake ya reli, akaifunga kamba, akaitundika kwenye nguzo ya kitanda.

“Mama akitaka kitu, apulize,” aliuambia mlango, siku mama alipofika.

Wakaanza kuishi. Rozalia alipokuja alifika na salamu ya kwao, “Mwakeye!”, kwa sauti kubwa tangu barabarani, akamwogesha mama, akampeleka chooni, akapiga soga kidogo, akaondoka kwenda kuuza mawese yake sokoni. Akishaondoka, nyumba ilifungwa kwa kimya. Mama aliuambia ukuta, “Mtu akifungua dirisha, si vibaya,” na Thobias akafungua dirisha. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku nzima. Alipokuwa peke yake angalau alizungumza na redio. Sasa aliona aibu kuijibu redio mbele ya mama mkwe, kwa hiyo nyumba ya watu wawili ikawa kimya kuliko ilivyokuwa ya mmoja. Usoni hakuonyesha, lakini moyoni alijuta. Alidhani atapata mtu ndani ya nyumba, na amepata mgonjwa anayejificha.

Maana filimbi haikulia. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Thobias aliketi uani akiwa ameitegea sikio, kitenge kikiwa tayari kwenye msumari, na filimbi haikulia. Mama alivumilia kutoka Rozalia wa asubuhi mpaka Rozalia wa jioni. Na kila jioni kikombe cha maji alichomwekea kwenye kigoda kilikuwa kimejaa kama alivyokiacha.

Scola alimpigia simu. “Anakunywa maji?”

“Kikombe kiko vile vile.”

“Anajinyima ili asikusumbue. Baba, asipokunywa atapata kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho kitakachomwangusha. Zungumza naye.”

“Nizungumze naye kwa kupitia nani, Sista?”

 

Siku ya tisa, saa nane mchana, Thobias alikuwa uani akisugua sufuria aliposikia kitanda kikilia. Filimbi haikulia. Aliitupa sufuria, akafika mlangoni mwa chumba. Mama alikuwa amesimama peke yake, bila kitu kiunoni, mkono mmoja ukiutafuta ukuta ambao haukuwa pale alipodhani, macho yakimzunguka. Kitenge kilikuwa kwenye msumari uani, nyuma ya Thobias.

Kisigino chake kiligeuka. Alikisikia kabisa kikigeuka kuelekea nje, chenyewe, kama siku ile wodini, kumpisha.

Akakilazimisha kurudi. Akaingia, akamdaka mama kwa mikono yote miwili chini ya makwapa, akamkumbatia kifuani asianguke. Alikuwa mwepesi mno. Miaka thelathini na moja alimtolea njia mtu huyu kama anavyotolewa njia mkuu wa nchi, na kumbe alikuwa na uzito wa debe la dagaa wakavu. 

Akamketisha kitandani. Mama alivuta khanga akajifunika uso, akalia kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Thobias alirudi nyuma hatua tatu. Alitaka kukimbia. Badala yake aliutazama ule ukuta ambao mama huuambia maneno yake, akasema nao.

“Nilikupisha wodini, mama. Sitakupisha tena.”

Mama aliikaza khanga usoni.

“Klementina hayupo wa kunisemea, kwa hiyo nasema mwenyewe, unisamehe. Tangu aondoke hakuna mtu anayeniita. Simu ikilia, ni kampuni ya simu. Nimekutundikia ile filimbi nikajidanganya kwamba nakusaidia wewe. Ukweli, mama, nilitaka kuisikia.”

Aliona maneno yamekuwa mengi. Akaenda kukichukua kitenge kwenye msumari, akakiweka juu ya kigoda kando ya kikombe cha maji, akatoka.

Aliketi nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Sufuria ilikuwa imeangukia kwenye majivu na hakuiokota. Alijua kitakachofuata. Jioni Rozalia atatoka chumbani na ujumbe kwamba mama anaomba arudishwe Ilagala. Haitakuwa hasira, itakuwa haya. Na kule Ilagala kuna nyumba yenye kizingiti, na uani kuna nyavu zilizolowa, na hakuna mtu. Ataanguka asubuhi moja, na watamkuta jioni. Thobias atakuwa amemuua kwa kumshika, kama alivyokaribia kumuua kwa kutomshika. Juu ya mabati ya majirani kipande cha ziwa kilionekana cheupe kwa jua. Klementina alipenda kukitazama akimenya mihogo, na alikuwa akisema ziwa lina faida moja tu, linakaa mahali pake. Thobias alikitazama mpaka macho yakamuuma. Alimkumbuka mke wake kiasi kwamba aliona kama atamwita kwa sauti, na watoto wa jirani wamsikie.

Jua lilikuwa limefika kwenye magoti yake filimbi ilipolia.

Ililia vibaya. Ilikuwa pumzi zaidi ya mlio, filimbi ya mtu ambaye hajawahi kupuliza filimbi. Mkaguzi wa reli angeikataa. Thobias alikimbia kama hakuwahi kukimbia tangu astaafu, na kokoto zikaruka nyuma yake.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili sakafuni, akingoja kichwa kitulie, vile vile kama Scola alivyofundisha. Filimbi ilikuwa mkononi. Kitenge cha bluu kilikuwa kiunoni, amejifunga mwenyewe, fundo limekaa upande. Kikombe kilikuwa kitupu.

Thobias aliupokea mkia wa kitenge. “Twende chooni, mama?” aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwake, tangu amjue, lisilopita kwa mtu mwingine.

“Hapana.”

Mama aliutazama ukuta. Kisha akauacha ukuta, akamtazama yeye.

“Sina haja yoyote,” alisema. “Nyumba imenyamaza mno, mwanangu.”

Thobias alikitoa kikombe kwenye kigoda, akaketi hapo, uso ameuelekeza mlangoni kama adabu inavyotaka, mkia wa kitenge ameuzungusha kiganjani.   Halafu alihisi kitambaa kikivutwa kidogo, mara moja, kama mtu anayetaka kujua upande wa pili bado kuna mtu.

Naye akavuta, taratibu, asije akamwangusha.